Mjamzito, angalia shingo yako: niliyojifunza kuhusu tezi, vidonge na chumvi tunayouza

 Niliahidi kwamba wiki hii nitaandika kuhusu kuhifadhi mbegu za viazi. Naomba mniwie radhi, viazi vitasubiri. Juzi dada mmoja alinisimamisha njiani. Ana ujauzito wa miezi minne. Akaniambia anachoka mpaka ndoo ya maji inamshinda, na nyumbani wameshaanza kumwita mvivu. Nilipomtazama shingoni nikaona kile nilichokiona kwangu mwenyewe miaka minne iliyopita. Sikulala vizuri usiku ule.

Nianzie kwenye mbuzi, maana ndiko mambo yangu yalikoanzia.

Wakati huo nilikuwa nahudumia kata moja ya milimani, mkoani Njombe. Mfugaji mmoja alinipigia simu asubuhi kwamba mbuzi wake wawili wamezaa na watoto watatu wamekufa. Nikawasha pikipiki nikaenda. Nilikuta vile vitoto vimelazwa kwenye mfuko wa mbolea, havina manyoya ya kutosha, na chini ya koo kila kimoja kina uvimbe. Nilikuwa nimewahi kuona picha ya namna hiyo chuoni Uyole. Nikamweleza yule mzee kama nilivyofundishwa: mama hakupata madini joto ya kutosha akiwa na mimba. Huku milimani mvua za miaka na miaka zimeyaosha madini hayo kwenye udongo, majani yanakuwa nayo kidogo, na mbuzi anayekula majani hayo tu anakosa. Nikamwambia atafute jiwe la kulamba lenye madini joto, aliweke bandani mahali pasipopigwa na mvua.

Nilikuwa nimeshavaa kofia ngumu niondoke, mke wake akanisogelea.

"Bibi shamba, usinichukie kwa kuuliza. Na wewe mbona shingo yako imejaa?"

Nilicheka. Nikamwambia ni ujauzito, mama, nanenepa. Nilikuwa na wiki 14. Niliendesha mpaka kwenye kona ya mtoni, nikasimama, nikajipapasa shingo. Kisha nikajitazama kwenye kioo cha pikipiki. Nimetoka kumweleza mtu sababu ya watoto wa mbuzi kufa, na mimi mwenyewe nina uvimbe mahali palepale.

Na ile haikuwa mimba yangu ya kwanza. Ya kwanza ilitoka ikiwa na wiki 11. Kila mtu katika familia ya mume wangu alijua sababu: pikipiki. Mwanamke gani anarushwarushwa kwenye makorongo na mimba tumboni? Mama mkwe alinisema mbele ya watu, na mimi nikaamini. Nilikaribia kuandika barua ya kuacha kazi.

Sasa niwaeleze kilichopo hapo shingoni. Mimi si daktari, nina stashahada ya kilimo, kwa hiyo naeleza kama nilivyoelezwa na walionitibu.

Chini kidogo ya koo kuna tezi yenye umbo la kipepeo. Inaitwa thairoidi. Inatengeneza homoni ambayo kazi yake ni sawa na mkono wa mafuta kwenye pikipiki: ndiyo inayouamuru mwili uende kwa kasi gani, moyo upige vipi, chakula kitumike vipi, joto liwe kiasi gani. Homoni ikipungua, mwili mzima unakwenda kama pikipiki iliyoziba kabureta. Unachoka bila kufanya kazi, unasikia baridi, choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, nywele zinakatika, uso unavimbavimba, sauti inakuwa nzito. Mwanamke anaweza kukaa muda mrefu bila kushika mimba, au akashika ikatoka.

Tezi hiyo haiwezi kutengeneza homoni bila madini joto. Ikiyakosa, inatanuka ikijitahidi kunasa hata kile kidogo kinachopita, na ndipo mtu anapata rovu. Wazee huku kwetu husema rovu linatokana na maji ya mto fulani. Hawako mbali sana na ukweli, kwa kuwa maji na udongo wa milimani kweli vina upungufu. Ila si maji yanayoleta ugonjwa. Ni kitu ambacho maji hayo hayana.

Mjamzito mahitaji yake yanapanda. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito anahitaji 250. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa hiyo tunazungumzia kitu kidogo usichoweza kukiona kwa macho. Katika wiki kama 12 za mwanzo mtoto hana homoni yake mwenyewe. Anaitegemea ya mama yake yote, na hicho ndicho kipindi ubongo wake unaanza kujengwa. Baadaye tezi yake inaanza kazi, lakini madini joto bado anayatoa kwa mama. Mama akiwa na upungufu mkubwa usiotibiwa, mimba inaweza kutoka, presha inaweza kupanda, mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au mfu, na akizaliwa hai anaweza kuwa mzito wa kuelewa.

Kumbuka kitu kimoja ambacho mimi sikukijua: upungufu wa madini joto si sababu pekee. Kuna watu ambao kinga ya mwili wao wenyewe inaishambulia tezi. Huyo hata ukimlisha chumvi nzuri kiasi gani hatapona kwa chumvi, anahitaji vidonge. Mtu wa kukuambia wewe uko upande gani ni daktari, akiwa na majibu ya damu mkononi.

Kituoni nilikoanzia kliniki nilikuwa nimeshasema nachoka na nasikia baridi. Nikaambiwa ujauzito ndivyo ulivyo, nizoee. Sina kinyongo sana, dalili zinafanana kweli. Na Njombe baridi ni ya wote, nani atakusikiliza ukilalamikia baridi? Lakini mimi nilikuwa navaa koti saa sita mchana wakati mume wangu amevua shati anapasua kuni. Ukifika hapo, usizoee. Mwambie muuguzi waziwazi: naomba shingo yangu iangaliwe. Mwambie pia kama uliwahi kupoteza mimba, au kama kwenu kuna mtu mwenye rovu. Mimi sikuyasema hayo kwa sababu sikuulizwa.

Baada ya siku ya mbuzi nilipanda basi mpaka hospitali kubwa. Daktari alinishika shingo, akanipa maji ninywe huku anatazama koo, akauliza kuhusu ile mimba iliyotoka. Damu ikachukuliwa kwa kipimo kinachoitwa TSH. Alinieleza hivi: TSH ni sauti ya ubongo ikiiita tezi ifanye kazi. Tezi ikiwa nzima, ubongo unanong'ona. Tezi ikilegea, ubongo unapiga kelele. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa, homoni ni ndogo. Majibu yalichukua siku tisa. Yangu yalikuwa 18, wakati ilitakiwa isizidi kama 4.

Nilimuuliza kama hiyo ndiyo iliyoiua mimba ya kwanza. Akasema hawezi kuapa, kwa kuwa wakati ule hakuna aliyepima. Lakini inawezekana. Kuhusu pikipiki akasema nipunguze makorongo, ila hiyo hata asingeiweka ya kwanza kwenye orodha. Nililia pale pale kwenye kiti, na sijui kama nililia kwa uchungu au kwa kutuliwa mzigo.

Nikaandikiwa vidonge vya levothairoksini. Ni homoni ileile ambayo tezi ingeitengeneza, hivyo haimdhuru mtoto, na hata ukinyonyesha unaendelea kumeza. Nikarudi nyumbani na furaha yangu. Hapa naomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea mwezi mzima.

Kila asubuhi nilimeza kidonge hicho pamoja na kile cha kuongeza damu tunachopewa kliniki, nikashushia na chai ya maziwa. Niliona ni mpango mzuri, yote kwa pamoja, sisahau. Baada ya wiki nne nikarudi kupima. 17. Daktari akaniuliza kama namnywea mbuzi hizo dawa. Nilipomweleza ninavyomeza, akaweka kalamu chini. Madini ya chuma yaliyomo kwenye kidonge cha damu yanaishika ile homoni tumboni, isiingie mwilini. Maziwa na vidonge vya kalsiamu vinafanya hivyohivyo, na kahawa nayo inapunguza. Kwa maneno mengine, mwezi mzima nilinunua dawa nikaipeleka chooni. Wewe uliyewahi kuchanganya dawa mbili za shamba kwenye bomba moja ukakuta zimegandana, unajua ninachosema.

Tukapanga upya. Kidonge cha tezi nilikimeza saa 11 alfajiri, na maji matupu, tumbo likiwa halina kitu. Chai ilisubiri angalau nusu saa, na saa nzima ni bora zaidi. Kidonge cha damu nikakihamishia usiku, maana kati ya hivyo viwili panatakiwa pasipungue saa nne. Usiache cha damu kwa kuogopa, unavihitaji vyote viwili, vitenganishe tu. Mume wangu aliweka mlio kwenye simu yake, akawa ananiamsha na kikombe cha maji. Dawa tuliihifadhi kabatini, pakavu, mbali na jiko na dirisha lenye jua. Mwezi uliofuata kipimo kilisoma 6, dozi ikaongezwa kidogo, kisha kikasoma 2.5. Nywele ziliacha kukatika. Koti nikalivua.

Ukiwa tayari unatumia vidonge hivi na ukakosa siku zako, nenda hospitali mara moja, usisubiri mimba ionekane. Wengi huhitaji dozi iongezwe tangu wiki za mwanzo. Kipimo hurudiwa kama kila wiki nne mpaka nusu ya ujauzito, halafu tena karibu na wiki ya 30. Ukishajifungua dozi hupunguzwa, na unapimwa tena baada ya wiki sita. Usiongeze wala usipunguze mwenyewe. Na usimpe jirani vidonge vyako kwa kuwa naye ana rovu. Kuna rovu la mtu ambaye homoni yake imezidi, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, anakonda wakati anakula. Huyo ukimpa kidonge chako unamuumiza.

Katikati ya mambo hayo mama mkwe alikuja kukaa nasi. Alikuta nameza vidonge akasema shingo haitibiwi hivyo, kuna mzee anachanja na kupaka dawa, wiki moja linanywea. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nikamweleza taratibu, nikamwonyesha karatasi ya vipimo, nikamtajia na wale watoto wa mbuzi. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akafungua kitambaa ambacho hakijawahi kutoka shingoni mwake tangu niolewe. Ana rovu, si kubwa sana, na juu yake alama za wembe zimepangwa mistari.

Akasema, "Mwanangu, mimi nilichanjwa mara tatu. Na nilizika wawili kabla ya huyu mume wako. Walisema nimefungwa na wifi yangu. Hatukuzungumza mpaka alipokufa."

Huko ujanani kwake, anasema, shingo za namna hiyo zilikuwa za kawaida kijijini. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa tatizo hili, ndiyo maana serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na tangu miaka ya 1990 chumvi ya kula inatakiwa kisheria itiwe madini joto. Alivikumbuka vile vidonge. Kesho yake nilimpeleka akapimwe na yeye. Habari ya pikipiki hajaitaja tena.

Sasa nakuja kwako mwenye duka.

Madini joto yanayotiwa kwenye chumvi hayadumu milele. Jua, unyevu na hewa vinayaondoa. Gunia likikaa barazani wiki tatu, mchana linapigwa na jua, jioni linarushiwa manyunyu, na kila mteja anachotewa kwa kopo lililotoka kuoshwa, unachouza mwisho wa mwezi ni chumvi kweli, inakoleza mboga, lakini kile cha kumsaidia mjamzito kimepungua sana. Mwenye duka mmoja niliyemweleza haya alinijibu bila kuficha: "Afisa, wateja wangu hawanunui pakiti, wananunua ya mia." Ana haki. Sitaki umwambie mama mwenye shilingi mia akanunue pakiti nzima. Endelea kuuza ya mia, lakini gunia lilale ndani, juu ya mbao, lisiguse sakafu wala ukuta. Hamishia ya kuuza kwenye ndoo yenye kifuniko, chota kwa kijiko kikavu, maliza la zamani kabla ya kufungua jipya. Unaponunua kwa jumla, tazama gunia limeandikwa kwamba lina madini joto na lina nembo ya ubora. Chumvi ya mawe isiyo na maandishi ni rahisi, najua. Na chumvi ya mifugo ni ya mifugo, usiiuze kwa mtu wa kupika hata akikubembeleza. Maafisa afya wana vichupa vya majaribio: tone moja juu ya chumvi, ikigeuka bluu au zambarau madini yamo. Mwombe afisa afya wa kata akupimie. Haichukui dakika tano.

Nyumbani nako, nakiri kwamba mimi, bibi shamba wenu, chumvi yangu ilikuwa kwenye bakuli lisilo na kifuniko karibu na mafiga, mvuke wote wa maharage unaipitia. Weka kwenye chombo kinachofungwa, na tia chumvi chakula kinapokaribia kuiva, siyo tangu mwanzo. Wala usiongeze chumvi kwa kusoma haya. Kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, ukijumlisha yote, kinatosha, na ukizidisha unakaribisha presha, ambayo kwa mjamzito ni hatari nyingine.

Ndugu zetu wa kando ya Ziwa Nyasa mnaokula sana muhogo, jambo moja kwenu. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri hubaki na sumu, na mwili unapoivunja sumu hiyo hutokea kitu kinachoizuia tezi kunasa madini joto. Loweka siku tatu au zaidi, anika mpaka ukauke kabisa, changanya na dagaa. Samaki wa ziwani hawana madini joto mengi kama wa baharini, lakini protini yao huusaidia mwili kuiondoa sumu hiyo. Kabichi nayo ina tabia ya kufanana na hiyo ikiliwa mbichi na kwa wingi mno. Ya kupikwa, kuleni.

Binti yangu alizaliwa na kilo 3.1, kwa wakati wake. Daktari aliagiza naye apimwe damu, ikawa sawa. Ana miaka mitatu na nusu na anauliza maswali kupita kiasi. Yule mzee wa mbuzi alinunua jiwe la kulamba, na msimu uliofuata alipata watoto watano wenye manyoya.

Yule dada wa njiani nimeshazungumza na mume wake. Alhamisi tunaondoka naye kwa basi la saa 12 asubuhi. Kama kuna mwingine kutoka vijiji vya juu mwenye shingo ya namna hiyo, awe kituoni kabla ya muda huo, asinywe dawa ya mtu, na aje na kadi yake ya kliniki. Viazi ni wiki ijayo.